Chumvi, Butega na Jembe: Kazi za Wakale wa Kivu

Wengine wanazoea kusema kwamba wababu zetu hawakuwa na kazi ila kulima chakula chao, kila kabila peke yake, bila kujuana na jirani. Maneno hayo si ya kweli. Tutazame kazi tatu tu.

Ya kwanza ni chumvi. Huko Katwe, karibu na ziwa Edward, upande wa Uganda wa leo, kuna ziwa dogo ndani ya shimo la volkano ya kale. Watu waliingia majini wakavunja mawe ya chumvi. Kandokando walichimba vidimbwi ili jua likaushe maji. Mizigo ilikwenda kwa mitumbwi na kwa kichwa mpaka kwa Wanande na mbali zaidi. Ilikuwa mali kubwa: mfalme Kabarega wa Bunyoro aliishika, na mwaka wa 1891 Mwingereza Lugard alijenga boma palepale.

Ya pili ni butega, ni kusema pete nyembamba za nyuzi za mimea. Watembo, kwenye ukingo wa pori magharibi ya ziwa Kivu, ndio walizisuka. Wahavu na watu wa kisanga cha Ijwi walizivusha kwa mitumbwi, na wanawake wa Rwanda walizivaa miguuni. Lakini butega haikuwa pambo tu, ilikuwa feza. Kwa butega mtu alinunua maharagi na mbuzi. Tufikiri vema: feza ya soko ilitoka mikononi mwa wasukaji wa pori, si nyumbani mwa mfalme.

Ya tatu ni jembe. Kulifua hakukuwa kazi ya mtu mmoja: huyu alichimba mawe ya chuma, huyu alichoma makala, huyu alivuta mivukuto. Tena jembe halikuwa chombo cha shamba tu. Huko Rwanda lilitolewa hata kwa mahari.

Basi, nini ilivunja mapatano hayo? Tukumbuke mwezi wa tano wa mwaka wa 1910. Tarehe 2, Beljika ilitoa amri ya kodi, na kodi ilitakiwa kwa feza ya Wazungu, si kwa butega. Tarehe 14, kule Bruxelles, Wabeljiji, Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka. Katwe ikabaki kwa Waingereza, Ijwi ikawa ya Kongo, ng'ambo ya mashariki ikawa ya Wajerumani. Njia ya wababu ikageuka kuwa magendo, na vijana wakaenda kutafuta franka mu mashamba ya wakoloni.

Sisemi kwamba zamani hakukuwa njaa wala vita. Vilikuwako. Tena ufundi haukufa: tangu miaka ya 1970 wafundi wetu wanachonga chukudu ya mbao, inayoshuka toka Kibumba mpaka Goma na mizigo ya viazi na makala.

Leo vita vinatufundisha kuogopana. Kwa hiyo, ndugu katekista, ukikaa na wazee, uwaulize majina ya masoko ya kale na ya vyombo vya kazi, uyaandike. Kijana akijua kwamba chumvi ya bibi yake ilipita mikononi mwa makabila mengi, hatadanganywa upesi kwamba jirani yake ni mgeni.