Mlima na Jina Lake

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari tulikaririshwa kwamba habari za zama za barafu zililetwa duniani na mtaalamu wa Uswisi aitwaye Louis Agassiz. Tuliliandika jina hilo daftarini, tukalipigia mstari, tukalijibia mtihani. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba jibu lile lilikuwa na upungufu mkubwa. Nyuma ya jina lile moja kulikuwa na mwindaji, mhandisi, mkuu wa machimbo ya chumvi na mkata kuni. Na mbele yake alisimama mzee mmoja mtumwa, mzaliwa wa Kongo. Msomaji na anifuate hadi milima ya Alpi, tuwatazame mmoja mmoja.

Tuanze na kijiji cha Lourtier, katika bonde la Bagnes, jimbo la Valais. Hapo aliishi Jean-Pierre Perraudin, aliyezaliwa mwaka 1767, mkulima na seremala ambaye pia aliwinda mbuzi-mwitu wa milimani. Katika kupanda na kushuka kwake aliona mambo mawili. Kwanza, miamba migumu iliyo mbali na barafu ilikuwa na mikwaruzo mirefu iliyofuata mwelekeo wa bonde, sawasawa na mikwaruzo iliyokuwa kando ya barafu yenyewe. Pili, mawe makubwa yalikaa juu ya ardhi ya mawe ya aina nyingine kabisa, kama wageni waliosahauliwa na mwenyeji wao. Wasomi wa siku hizo walisema mawe hayo yalisukumwa na maji mengi, na wako waliotaja gharika ya Nuhu. Lakini Perraudin aliyajua maji. Maji hulainisha jiwe, hayalikwaruzi namna ile. Na jiwe lenye ukubwa wa nyumba halielei. Akakata shauri kwamba zamani barafu ililijaza bonde lote hadi Martigny.

Mwaka 1815 alilala kwake mgeni mheshimiwa, Jean de Charpentier, mkuu wa machimbo ya chumvi ya Bex. Perraudin akamweleza aliyoyaona. Mgeni alisikiliza kwa adabu, kisha akayaona maneno hayo kuwa ya ajabu mno, hayafai hata kuchunguzwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msomi, na aliyekuwa akisema mbele yake hakuwa msomi. Basi.

Mwaka huohuo wa 1815 volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa majira ya joto. Barafu za milimani zikanenepa. Katika bonde lilelile la Bagnes, vipande vya barafu ya Giétro viliporomoka vikauziba mto Dranse, na nyuma yake likajaa ziwa kubwa. Mwaka 1818 mhandisi wa jimbo, Ignaz Venetz, aliwaongoza wafanyakazi kuchimba njia ndani ya barafu ili maji yapungue kidogo kidogo. Sehemu ya maji ilitoka salama. Lakini tarehe 16 Juni barafu ilipasuka, na maji yaliyosalia yakateremka hadi Martigny. Watu wapatao 40 walikufa. Nyumba, madaraja na mashamba vilikwenda na maji.

Tangu hapo Venetz hakuweza tena kuiona barafu kama kitu kilicholala. Aliendelea kupima, kuwauliza wenyeji na kufuata matuta ya mawe yaliyoachwa mbali na barafu za wakati wake. Perraudin alikuwa miongoni mwa waliomweleza. Mwaka 1829, mbele ya wanasayansi wa Uswisi waliokutana katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Bernardo, Venetz alisema wazi kwamba barafu iliwahi kuenea mbali sana. Karibu wote walimpinga. Charpentier alikusudia kumwonyesha rafiki yake kosa, akaenda kuchunguza, na uchunguzi ukamgeuza yeye. Mwaka 1834, akiwa njiani kwenda Lucerne kuutetea ukweli huo, alikutana na mkata kuni wa Meiringen. Mtu huyo alimwambia, bila kuulizwa sana, kwamba mawe yaliyokuwa kando ya njia yaliletwa na barafu ya Grimsel. Wasomi walipokuwa wakibishana, mkata kuni hakuwa na shaka.

Sasa ndipo anaingia Agassiz. Alikuwa kijana hodari, bingwa wa visukuku vya samaki. Mwaka 1836 alikwenda Bex kumtoa Charpentier katika kosa, akaondoka ameamini. Tarehe 24 Julai 1837, mjini Neuchâtel, wenzake walitarajia awaeleze habari za samaki; yeye akawaeleza habari za barafu iliyofunika sehemu kubwa ya Ulaya. Kisha akapiga kambi chini ya jiwe kubwa juu ya barafu ya Unteraar. Huko alikikuta kibanda kilichojengwa na Franz Josef Hugi mwaka 1827. Kufikia mwaka 1839 barafu ilikuwa imekisogeza zaidi ya kilometa moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1840, cha Charpentier mwaka 1841. Mwaka mmoja tu, na jina likabaki kwa aliyetangulia kuchapisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Agassiz alikitunuku kitabu chake kwa Venetz na Charpentier, na bila sauti yake dunia pengine ingechelewa kusikia. Sipendi kumnyang'anya hilo. Shida ni yaliyofuata.

Mwaka 1846 alihamia Marekani, na mwaka uliofuata akawa profesa wa Harvard. Huko, mtu yule aliyeyasoma mawe kwa uangalifu mkubwa hivyo alifundisha kwamba mataifa ya wanadamu yaliumbwa mbalimbali, na kwamba mtu mweusi yuko chini. Mwaka 1850, kwa maagizo yake, watumwa kadhaa wa Carolina ya Kusini walipigwa picha wakiwa wamevuliwa nguo, ili wawe ushahidi. Mmoja aliitwa Renty, na kumbukumbu zinamtaja kuwa mzaliwa wa Kongo. Binti yake, Delia, alipigwa picha pia. Picha hizo zilisahauliwa hadi zilipokutwa katika jumba la makumbusho la Harvard mwaka 1976. Mwaka 2025 chuo hicho kilikubali kuzitoa, baada ya mwanamke anayesema ni wa kizazi cha Renty kuzidai mahakamani kwa miaka kadhaa.

Katika milima ya Bern kuna kilele kinachoitwa Agassizhorn. Mwaka 2007 baadhi ya Waswisi waliomba kiitwe Rentyhorn. Serikali yao iliyalaani mawazo ya Agassiz, lakini jina la mlima haikulibadili. Mji wa Neuchâtel ulikwenda mbele zaidi: mwaka 2018 uliamua kwamba uwanja uliobeba jina lake upewe jina la Tilo Frey, mwanamke mzaliwa wa Kameruni aliyechaguliwa kuingia bunge la Uswisi mwaka 1971.

Wako wanaosema jina la mlima ni jambo dogo. Sisi wa huku tunajua kwamba si dogo. Mwaka 1889 Hans Meyer alikipa kilele cha Kilimanjaro jina la mfalme wake, Kaisari Wilhelm. Mwaka 1961 kikaitwa Uhuru. Na mlima huohuo una Perraudin wake. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe kileleni, na kiongozi wake wa njia akauita kwa neno moja tu: baridi. Huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, akaandika kwamba theluji hiyo haiwezekani.

Tarehe 28 Mei 2025, katika jimbo lilelile la Valais, barafu ya Birch iliporomoka pamoja na mwamba, ikakifukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten. Mtu mmoja alifariki. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, kwa sababu mlima ulikuwa unaangaliwa na waliouangalia walisikilizwa. Nikiulinganisha mwaka huo na 1818, naona faida ya miaka zaidi ya 200 ya utafiti: watu hai.

Barafu za Alpi zinapungua upesi. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza karibu asilimia 10 ya barafu yake, na ya Kilimanjaro nayo inakwisha. Ikiisha, itabaki mikwaruzo juu ya miamba, ile aliyoisoma seremala wa Lourtier. Siku hizi wajukuu zangu wakiniuliza nani aliyegundua zama za barafu, siwapi jibu la mtihani. Nawataja wote, na Renty nawatajia pia, hata kama swali halikumhusu.