Reli ya kwetu Mpanda na zile milimita 67

Nimekuwa kimya kwa sababu ya tisti na asaimenti zisizoisha, lakini hii ya leo nimeona nisilale nayo.

Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi mitambo. Jana usiku alikuwa anachora kwenye kompyuta yake kishikio cha pampu ya zamani. Pampu yenyewe nzima, kishikio ndicho kimevunjika na dukani hakipatikani. Nikamwuliza mbona saa nzima anachora pampu wakati kazi aliyopewa ni kishikio. Akacheka. "Mwalimu, hapa kipya hakina maamuzi. Kinapokea vipimo kwa mkubwa wake." Ndivyo wanavyofanya: anapima matundu ya kile cha zamani, anakichora chote, halafu kipya anakichora juu ya kingo zake, akiacha nafasi kidogo bolti ipite. Akikosea milimita moja hapo, anapata kitu kizuri, kinang'aa, na hakiingii.

Nikamwambia, bwana, hiyo ni historia ya reli ya kwetu.

Maana reli nayo ina mkubwa wake. Geji, yaani upana kati ya chuma na chuma, ukishawekwa mara moja kila atakayejenga baadaye ataupokea au ataulipia. Hapa kwetu uliwekwa Tanga mwaka 1893, Wajerumani walipoanza reli ya kupanda Usambara. Walichagua mita moja kamili, milimita 1000. Miaka mitatu baadaye, 1896, Waingereza wakaanza ya kwao kutoka Mombasa, na wao wakaweka milimita 1000 kama reli nyingi za India walikokuwa wakichukua vifaa na mafundi. Hawa ni mahasimu, kila mmoja na mipango yake, lakini kipimo kimoja. Vita ilipokuja Waingereza wakajenga haraka reli kutoka Voi kuelekea Taveta mwaka 1915, na mwaka 1916 wakaiunganisha na ya Mjerumani pale Kahe karibu na Moshi. Ikakaa. Kichwa cha treni kilitoka kwenye reli ya mmoja kikaingia kwenye ya adui bila kubadilisha hata gurudumu. Sijui kama kuna jenerali aliyewahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Reli ya Kati ikafuata kipimo hichohicho. Ilianza Dar es Salaam 1905, Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914, jumla zaidi ya kilometa 1,250.

Sasa nyumbani. Miaka ya 1930 madini ya risasi yaligunduliwa Mpanda, na baada ya vita kuu ya pili kampuni ya Uruwira Minerals ikaingia kuchimba. Risasi ni nzito, huwezi kuibeba kwa lori katikati ya miombo na mbung'o ukategemea faida. Ikajengwa tawi la reli la kilometa 210 hivi kutoka Kaliua, likavuka mto Ugalla, na kufikia 1950 treni ilikuwa inafika Mpanda. Hakuna aliyekaa kubishana kuhusu geji. Kaliua ilikuwa na milimita 1000, basi Mpanda ikapewa milimita 1000. Kwa hiyo behewa lililopakiwa mgodini lilifika bandarini Dar es Salaam bila mzigo kuguswa njiani.

Mgodi ulifungwa 1960, miaka kumi tu. Reli ikabaki. Hapa ndipo huwa nawabishia wanaosema reli ya mkoloni ilikuwa ya mkoloni basi. Ilijengwa kwa ajili ya risasi, ndiyo, lakini ikaishia kubeba tumbaku, mbao, mahindi, asali, na sisi wenyewe na kuku zetu. Katavi imekuwa mkoa mwaka 2012, tulipotengwa na Rukwa. Reli imeutangulia mkoa kwa miaka 62.

Tena mwaka 1963 kikajengwa kipande cha Ruvu hadi Mruazi, kikaunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Chukueni ramani mfuatishe kwa kidole: Mpanda, Kaliua, Tabora, Ruvu, Mruazi, Kahe, Voi, Nairobi, Kampala, hadi Kasese chini ya Ruwenzori. Chuma kimoja! Behewa la kwetu lingeweza kutembea njia yote hiyo enzi za shirika moja la reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977.

Halafu ikaja TAZARA. Ilijengwa na Wachina kwa ushirikiano na sisi na Wazambia kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na geji yake ni 1067. Shuleni tulifundishwa kuhusu Mao, Nyerere na Kaunda, hatukufundishwa kuhusu hiyo 67. Kumbe kipande hiki kipya kilikuwa na wakubwa wawili. Huku Dar kuna 1000, kule Zambia kuna 1067 ya kusini mwa Afrika. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao 1965, Zambia inatafuta pa kupitishia shaba. Wakachagua kukaa na Zambia. Mimi siwalaumu, shaba ndiyo iliyokuwa sababu ya reli. Ila gharama yake tukaiona sisi: reli mbili zinaingia mji mmoja na hazipeani mabehewa. Mpaka mwaka 1998 ndipo kikafunguliwa kituo cha Kidatu, reli zote mbili zinapofika, mizigo ikashushwa huku na kupakiwa kule.

Nikamwambia mwenzangu, milimita 67 ni vidole vitatu au vinne, si wangeongeza chuma cha tatu kwenye mataruma, treni zote zipite? Akasema ngoja. Akachora. Kitako cha reli peke yake kinazidi milimita 100 kwa upana. Alipoweka chuma cha pili kwa umbali wa 67, kwenye skrini vikaingiliana, kimoja kimekaa ndani ya mwili wa kingine.

"Haikai," akasema.

"Na ikiwa 1435?" nikauliza, ile ya SGR.

Akabadilisha namba. Pengo la milimita 435, nafasi tele, vyuma vitatu vikakaa vizuri. Nilikaa namwangalia. Tofauti ndogo ndiyo iliyoshindikana, kubwa inawezekana! Hayo usingenipa kwenye somo la historia hata kwa miaka mitatu.

Ndiyo maana nimeshindwa kulala. SGR imeanza kubeba abiria Dar hadi Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa mwishoni mwa 2022. Njia ya Kaliua, Mpanda hadi bandari ya Karema inatajwa kwenye mipango. Lakini tawi letu ni 1000. Mama anauza mpunga. Siku SGR itakapopita Kaliua na sisi bado tuko na reli ya 1950, gunia lake litashushwa na kupakiwa upya kama shaba ya Kidatu, na kila mgongo unaoinama unalipwa kutoka kwenye bei ya mkulima. Chuma cha tatu kina gharama zake, mataruma inabidi yawe marefu zaidi na madaraja yapimwe upya, ila angalau kwenye mchoro kinaingia.

Kama kuna mdau ambaye mzee wake alifanya kazi Kidatu, naomba aniandikie: kuhamisha mzigo wa behewa moja kulichukua saa ngapi? Na watu wangapi?