Kupandikiza nywele: FUT au FUE, ipi inafaa nywele za kipilipili?

Mwanaume wa Kilwa Masoko mwenye upara utosini anaweza kuuficha chini ya kofia miaka nenda rudi. Siku hizi lakini matangazo ya kliniki za Istanbul yanamkuta kwenye simu, kila moja likisifia njia yake. Zinatofautiana nini?

Zote huanzia kisogoni. Kwa mwenye upara wa kurithi, nywele za kisogoni kwa kawaida hazipukutiki, ndiyo maana huhamishiwa mbele au utosini na kuendelea kuota huko. Hakuna nywele mpya inayotengenezwa. Akiba ya kisogo ikiharibiwa, hairudi.

Kwa FUT, daktari hupiga ganzi, hukata ukanda mwembamba wa ngozi ya kisogo na kushona. Ukanda huo huchambuliwa kwa darubini kupata mashina yenye nywele 1 hadi 4 kila moja. Kinachobaki ni kovu la mstari. Nywele zikiwa na urefu kidogo, halionekani. Ukinyoa para, linaonekana, na Pwani wanaonyoa para ni wengi. Hata anayekwenda Hija ajue wengi hunyoa huko.

FUE haina ukanda. Kisogo hunyolewa, kisha shina moja moja hutolewa kwa kifaa cha mduara chenye upana wa karibu milimita 1. Hubaki vidoti vidogo vilivyotawanyika, ambavyo kinyozi akiacha nywele fupi tu, havionekani kirahisi. DHI inayotangazwa sana hutoa mashina kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kalamu maalumu ya kupandia.

Kwa macho ya haraka FUE imeshinda. Shida ni kwamba nywele za kipilipili hujipinda hata chini ya ngozi. Kifaa kikiingia moja kwa moja, kinaweza kulikata shina mahali usipopaona. Hasara inakuwa mara mbili: mbele haioti, kisogoni imeshatoka. Kwa FUT mpindo huonekana kwenye darubini, hivyo ni rahisi kuliokoa shina.

Haimaanishi FUE haifai. Inamaanisha mkono wa daktari una uzito kuliko jina la njia. Muulize amefanya vichwa vingapi vya kipilipili, akuonyeshe picha za mwaka 1 baadaye, na ajaribu mashina machache kabla ya kuendelea. Habari njema ni kwamba nywele zilizojipinda hufunika vizuri, kwa hiyo mashina machache huziba eneo ambalo nywele zilizonyooka zingehitaji mengi.

Mwenye historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, aseme mapema. FUE haina mkato mrefu, ila nayo hujeruhi ngozi.

Kwa akina dada, nywele za pembeni zilizokatika kwa rasta nzito zinaweza kupandikizwa, mradi kuvuta kuishe. Ukirudia msuko uleule unaobana, hata zilizopandwa zitang'oka. Upara unaoanzia katikati ya utosi, hasa ukiwasha au kuuma, ni wa kuchunguzwa kwanza na daktari wa ngozi. Huenda ni ugonjwa unaoacha kovu na kuua mashina, na kupandikiza ungali hai ni kutupa pesa.

Usishtuke zilizopandwa zikipukutika wiki chache baadaye, ni kawaida. Huanza kuota tena mwezi wa 3 au wa 4, na sura kamili huonekana karibu mwaka 1.

Kuna pia safari ya kurudi. Aliyefanyiwa FUT hutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14, hivyo apange mapema atazitolea wapi, Dar es Salaam au hospitali ya karibu na nyumbani. Kofia inayobana, jua la mchana na kuogelea baharini vinasubiri hadi daktari aruhusu. Kwa mvuvi, hizo ni wiki kadhaa bila kazi, nazo zihesabiwe kwenye bei.