Brigedi na Akiba Yake

Jeshi halizaliwi siku ya vita. Mtu atokaye Njiru kwa Barabara ya Kangundo, kisha akaishika Barabara ya Jogoo kwenda mjini, hupita Soko la Burma; na si mbali na hapo liko Soko la Kariokor. Majina hayo yatukumbusha vita vikuu viwili, nayo yana mafunzo juu ya mpango wa jeshi.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, King's African Rifles, ambayo watu waliiita Keya, ilikuwa na askari Waafrika 2,821 tu. Batalioni zake sita ziliwekwa katika brigedi mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini. Lakini askari hao wachache walikuwa mbegu, kwa kuwa waliijua kazi na waliweza kuwafundisha wageni. Ilipofika Machi 1940, Waafrika wa Keya walikuwa 20,026. Hiyo ndiyo faida ya akiba: watu waliokwisha kufundishwa kabla ya kuhitajiwa.

Brigedi hupangwaje? Chini kabisa iko seksheni, yenye watu kama kumi. Seksheni kadha hufanya platuni, platuni hufanya kombania, kombania hufanya batalioni, na kwa kawaida batalioni tatu hufanya brigedi. Kila mtu ana mkubwa wake amjuaye, na amri hushuka ngazi kwa ngazi. Brigedi ya 25, iliyopigana Burma mwaka 1944, katika nchi iitwayo leo Myanmar, ilikuwa na Batalioni ya 11 ya Kenya, ya 26 ya Tanganyika na ya 34 ya Uganda. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi.

Hata hivyo, askari hawezi kwenda vitani bila chakula, wala bunduki bila risasi. Katika vita vya 1914 hadi 1918, mizigo ya jeshi ilichukuliwa vichwani na wapagazi wa Carrier Corps. Jina la Kariokor ni matamshi ya wenyeji ya maneno hayo. Batalioni zilikuwa na ngazi zake, bali wapagazi walikusanywa kwa haraka, wengi kwa nguvu, pasipo akiba ya kutosha ya nguo, dawa na chakula kizuri. Wapagazi wa Kenya zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi, si kwa risasi.

Basi, ninyi msomao historia, mkionyeshwa mpango wa brigedi yoyote, msihesabu batalioni peke yake. Ulizeni pia ni nani achukuaye chakula chake, na kama jina lake limeandikwa daftarini. Akiba ya jeshi ni watu, na watu hawawekwi akiba kwa kusahauliwa.