Wimbo wa Likasi kwa Matarumbeta

Wasomaji wengi waujua mji wa Likasi kwa shaba yake. Mpaka mwaka 1966 uliitwa Jadotville, na kazi ya shaba iliwakusanya huko watu wa makabila mengi, kila kundi na ngoma yake. Kati yao alikuwako kijana wa Bunkeya, mji wa kale wa Mwami Msiri, jina lake Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930.

Mwezi wa Februari 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo kwa mashine, alimkuta Mwenda akipiga gita njiani. Wimbo mmojawapo alioupiga, Masanga, ulipata tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Asiyemwona mpigaji aweza kudhani ni watu wawili, kumbe ni vidole viwili tu: kidole gumba kwa sauti nzito, na cha shahada kwa sauti nyembamba. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alitoa maandishi yake ya kuandika upigaji huo kwa nota, sauti kwa sauti. Tangu hapo, hata mtu asiyejua kushika gita aliweza kuusoma.

Sasa sisi twauliza: je, waweza kupigwa kwa matarumbeta? Swali si geni kwa nchi hii. Mwisho wa karne ya 19 watu wa pwani, huko Lamu na Mombasa, waliiga bendi za askari wakaunda ngoma ya beni. Baada ya vita vya 1914-1918 ngoma hiyo ilifika hata miji ya shaba, ikaitwa mbeni, yenye wafalme na madaktari wake wa mchezo. Mahali pasipo matarumbeta watu walitumia vibuyu na ngoma. Basi, kugeuza muziki wa chombo hiki uwe wa chombo kile ni kazi waliyoizoea wazee wetu.

Lakini twaona hatari mbili. Ya kwanza ni pumzi. Kidole gumba hakichoki, bali mpiga tuba ni lazima avute pumzi. Afadhali tuba mbili zipokezane kuliko moja kuacha pengo. Ya pili ni kubwa zaidi. Bendi zetu zimezoea mwendo wa maandamano, mguu wa kushoto na wa kulia. Katika Masanga sauti ya juu haingojei ya chini. Zapishana kama watu wawili sokoni. Bendi ikizipanga mguu kwa mguu, nota zote zitakuwapo, na wimbo hautakuwapo. Tena tromboni zisijaze katikati kwa sauti nene kama za tenzi za kanisani. Ule uwazi wa katikati ni mali ya Mwenda.

Jambo moja limebaki. Mwezi wa Novemba 1960 Louis Armstrong alipiga tarumbeta Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, naye alijulikana dunia nzima kwa kuuzungusha wimbo upya kila aupigapo. Mwenda, aliyefariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani, alifanya vivyo hivyo kwa nyuzi: hakuupiga Masanga kwa namna moja tu. Kwa hiyo mpangaji aandike sehemu za tuba na tromboni zote, ila mbele ya tarumbeta ya kwanza aache mistari kadhaa mitupu.