Mawe ya Baringo Yanajua Kuhesabu

"Hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, wacheni kelele." Hii laini mmeiskia mara ngapi? Shida ni kwamba nusu yake ni kweli, na ushahidi uko hapa hapa Kenya, kwenye milima ya Tugen, Baringo.

Kando ya mto Barsemoi kuna matabaka matano meupe, na katikati yake udongo ulioletwa na mito. Huo weupe ni maganda ya dayatomu, mwani mdogo sana wa majini. Maana yake wasee, hapo palikuwa na ziwa kubwa, lenye kina. Likakauka. Likarudi. Mara tano, zaidi kidogo ya miaka milioni 2.5 iliyopita.

Nani alikuwa anafungua na kufunga hiyo mvua? Jibu liko angani. Dunia ikizunguka, mhimili wake unayumba pole pole, kama pia ya kuchezea inayoanza kuchoka. Kuyumba huko kunabadilisha ni msimu gani tunakuwa karibu zaidi na jua, na mvua nayo inafuata. Duru moja huchukua takriban miaka 23,000. Mserbia Milutin Milanković alipiga hesabu za mizunguko kama hii kwa mkono, miaka na miaka. Alikufa 1958 na bado wengi walikuwa wanamtilia shaka. Mwaka 1976, matope ya chini ya bahari yakaonyesha kwamba alikuwa sahihi.

Turudi Baringo. Kati ya yale matabaka kuna majivu ya volkano, na majivu hupimwa umri kwa gesi ya agoni iliyonaswa ndani yake. Mwaka 2006 Alan Deino, John Kingston na wenzao wakatoa jibu: matabaka meupe yamepishana kwa miaka 23,000. Kumbe mwamba ni saa! Na ukishajua mwendo wa saa, hata tabaka lisilo na majivu unalipatia tarehe kwa kuhesabu tu.

Sasa ile laini inaanguka hapo. Hii saa ilichukua maelfu ya miaka kujaza ziwa na kulikausha. Joto la sasa limepanda ndani ya miaka 150 hivi. Mhimili wa dunia haujawahi kuwa na haraka hivyo. Hii ni moshi wetu. Ukitaka kutumia historia kujitetea, itumie pamoja na tarehe zake.