Tamko la 1862 na Himaya ya 1890: Uhuru wa Unguja katika Mizani ya Mataifa Makubwa

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa mara nyingi yanapozungumzwa mambo ya mataifa makubwa na madogo, wala haikanushiki. Lakini mwenye kuichungua historia ya Unguja baina ya 1862 na 1890 ataona jambo lililo kinyume: nyasi zilisimama muda wote tembo walipokuwa wakitazamana kwa hasira, zikakanyagwa siku walipopatana.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika Bara Hindi, aliamua kwamba Sayyid Majid ashike Unguja na Sayyid Thuwaini ashike Oman, na kila mwaka Unguja ipeleke Oman riali 40,000. Ufaransa iliingiwa na shaka kuwa Mwingereza anajitengenezea milki. Ndipo tarehe 10 Machi 1862 dola hizo mbili zikatia sahihi mjini Paris tamko fupi, kila mmoja akimwahidi mwenziwe kuuheshimu uhuru wa masultani wote wawili.

Hapa yafaa msomaji aiangalie lugha. Ahadi ilikuwa baina ya Mwingereza na Mfaransa. Majid alitajwa, lakini hakutia sahihi. Uhuru wake ulikuwa kama amana iliyowekwa kwa watu wawili wasioaminiana: ilisalimika kwa kuwa kila mmoja alimchunga mwenziwe.

Mizani hiyo ilivurugwa na mambo yaliyotokea mbali. Mwaka 1871 Ufaransa ilishindwa vitani, na nchi za Kijerumani zikaungana zikawa dola moja. Mwaka 1882 Uingereza iliingiza majeshi Misri, na tangu hapo ikahitaji wema wa Bismarck ili isikwame huko. Kwa hiyo Carl Peters alipokusanya mikataba yake bara mwaka 1884, na Kaisari akaipa barua ya ulinzi Februari 1885, malalamiko ya Sayyid Barghash hayakupata mtetezi. Mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali.

Baadaye tume ya Mwingereza, Mdachi na Mfaransa ilichunguza mipaka ya nchi yake. Yeye mwenyewe hakuwa na kiti humo. Mapatano ya 1886 yalimwachia visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tangu karibu na Ruvuma hadi Kipini, na miji kadhaa ya pwani ya Somali. La ajabu ni kwamba katika mapatano hayo hayo Ujerumani ilijiunga na tamko la 1862. Yaani uhuru wa Unguja ulipata mdhamini wa tatu saa ile ile nchi yake ilipokuwa ikikatwa.

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ulimaliza kazi. Ujerumani iliitambua himaya ya Uingereza juu ya Unguja na Pemba, ikaiacha Witu. Uingereza ikaipa Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, na kuahidi kumshawishi Sultani Ali bin Said awaachie Wadachi pwani iliyokuwa mikononi mwa kampuni yao. Kwa pwani hiyo alilipwa mark milioni 4. Ufaransa, ambayo haikushauriwa, ililikumbuka tamko lake. Haikulitumia kuutetea uhuru wa Unguja, bali kudai malipo: tarehe 5 Agosti 1890 iliikubali himaya ya Mwingereza Unguja, naye Mwingereza akaikubali himaya ya Mfaransa huko Bukini, yaani Madagascar.

Neno himaya ni la Kiarabu, lenye shina moja na kitenzi kuhami. Katika maneno ya kila siku, mtu huhamiwa na adui. Katika mikataba ya zama zile, mwenye kuhamiwa alizuiwa kusema na dola yoyote ila kwa kinywa cha mwenye kumhami.

Basi mwanachuoni asomapo mkataba na aulize mambo matatu: ni nani waliotia sahihi, ni nani aliyetajwa tu, na ahadi yenyewe imesimama juu ya uhasama gani. Uhasama ukiisha, ahadi nayo huwa bidhaa. Tamko la 1862 halikuvunjwa na adui wa Unguja. Wale wale walioliandika ndio waliolibadilisha kwa Bukini.